Nahamia Dallas kutoka Ohio, bima ya chini kabisa ya Texas (30/60/25) inatosha kweli?

Mama_wa_Columbus

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naombeni msaada kwa anayejua haya mambo ya bima ya gari maana nimezungushwa na simu hadi kichwa kinauma. Sisi tuko Columbus, Ohio, mume wangu kapata kazi weahausi huko Dallas kwaiyo mwisho wa mwezi tunahama na watoto, na shemeji yangu naye yupo, ndo kwanza kafika Marekani. Gari ni Corolla ya 2014, tumeshalimaliza kulipa, halidaiwi na benki.

Nimempigia ajenti mmoja wa huko Texas anipe bei. Anasema ya chini kabisa inayokubalika na jimbo ni 30/60/25, halafu ipo nyingine 50/100/50, tofauti kama dola thelathini hivi kwa mwezi. Huku Ohio karatasi yangu inasema 25/50/25 na tangu nianze kulipa hakuna mtu amewahi kukaa chini akanieleza izo namba ni nini. Sasa kanitumia kwenye imeili karatasi mbili nisaini, moja ya kukataa kitu kinaitwa PIP, ya pili ya kukataa UM/UIM, anasema nikisaini bei inashuka na wateja wake wengi wanasaini. Mi sijasaini.

Kwaiyo naomba kujua, izo namba zina maana gani, hii ya chini inatosha au vipi, na hizo karatasi nisaini au nisisaini? Na je nikifika Dallas na bima yangu ya Ohio polisi akanisimamisha kabla sijabadilisha ninakuwa na kosa? Asanteni sana.

Fundi_Bodi_FortWorth

Karibu Texas dada, huku joto lakini kazi zipo. Mimi nafanya gereji ya kunyoosha bodi hapa Fort Worth kwa hivyo hizo namba naziona zikibana watu kila wiki.

Zisome hivi, zote ni maelfu ya dola. 30 ni elfu 30, ndio pesa ya juu kabisa bima yako itamlipa mtu mmoja uliyemuumiza. 60 ni elfu 60, hiyo ni ya watu wote walioumia kwa ajali hiyo moja, wawe wawili ama wawe sita wanagawana hiyo hiyo. 25 ni elfu 25 ya vitu ulivyoharibu, gari ya mtu, geti, ukuta, nguzo ya stima, na ni jumla, si kila gari elfu 25. Na uangalie, hapo hakuna hata senti ya Corolla yako wala ya mguu wako ukivunjika. Ni pesa ya mtu wa pili peke yake, hiyo ndio nyumbani Kenya tunaita thadi pati na nyinyi Wabongo mnaita bima ndogo.

Sasa mimi nitakwambia kuhusu hiyo 25 kwa sababu ndio ninayoijua kwa mikono. Texas ni nchi ya pikapu. Gari jipya la kawaida Marekani sai linakaribia dola elfu 50, na pikapu kubwa zinapita hapo bila shida. Ukigonga moja kwa nyuma unaona tu bampa imekunjika, unasema hii ni kitu kidogo. Tukiifungua ndani kuna sensa za kuegesha, kuna kamera, kuna rada ya kuangalia gari iliyo pembeni, taa ya nyuma nayo ina kompyuta yake, na tukimaliza kupiga rangi lazima hizo sensa zipimwe upya na mashine ndio zikubali kufanya kazi. Bili inaingia maelfu na chesisi haijaguswa. Sasa fikiria umeisukuma hiyo pikapu ikaingia kwa gari ya mbele yake. Hiyo elfu 25 imeanza kugawanywa na mwenye gari ya pili anauliza yake iko wapi.

Hiyo 30/60/25 ya Texas iko hivyo hivyo tangu 2011. Bei ya gari, bei ya vipuri, bei ya hospitali vyote vimepanda mara ngapi tangu hiyo siku? Jimbo halijapandisha. Mimi nikiwa wewe nalipa hizo dola thelathini.

Kijana_wa_Houston

Nampinga kidogo fundi hapo juu kwa heshima. Dada, usiogopeshwe. Watu wanaohitaji bima kubwa ni watu wenye mali. Wewe unahama, unapanga nyumba, gari la 2014, watakuchukulia nini? Texas katiba yenyewe inakataza kukatwa mshahara kwa madeni ya kawaida, wanakata kwa matunzo ya mtoto na vitu vichache tu. Nyumba yako ya kuishi nayo inalindwa. Kwaiyo hata wakishinda kesi mahakamani wanabaki na karatasi. Mi niko na ya chini miaka yote niliyokaa hapa, polisi akinisimamisha namwonyesha, anaangalia kwenye kompyuta yao anaona iko hai, naenda zangu. Sheria imesema 30/60/25, nimetimiza sheria. Dola thelathini kwa mwezi ni mia tatu sitini kwa mwaka, hiyo natuma kwa mama Tanga inamaliza mambo mengi sana.

Ukikosa bima kabisa hapo ndo utajuta, mara ya kwanza faini ni kati ya dola 175 na 350, ukirudia ni 350 mpaka 1,000 na gari linaweza kuzuiliwa na leseni kufungiwa. Ila ukiwa na ya chini umetulia.

Karani_wa_Madai

Dada Columbus, karibu, na mdogo wangu wa Houston nimekusoma. Mimi nimefanya kazi idara ya madai kwenye kampuni za bima hapa DFW (yaani Dallas na Fort Worth), kazi yangu ni kufungua faili baada ya ajali na kuamua nani analipwa nini, kwaiyo naomba nijibu kwa urefu kidogo maana hili jambo linaniumiza nikiona watu wetu wanavyosainishwa.

Aliyosema wa Houston kuhusu mshahara ni kweli kwa Texas. Ni kweli pia kwamba kesi nyingi zinaishia kwenye limiti ya bima, loya wa mtu aliyeumia akiona hakuna cha kuchukua anapokea iliyopo na mteja wake anasaini kwamba yameisha. Lakini nyingi sio zote, na kuna mambo mawili hakuyasema. La kwanza, hukumu ikitoka na hujalipa, sheria hiyohiyo ya Texas inaruhusu leseni yako ifungiwe kwa sababu ya deni la ajali, sasa bila leseni Dallas utaendaje kazini, weahausi ziko mbali na basi hazifiki saa za shifti ya usiku. La pili, hukumu Texas inaishi miaka 10 na inaweza kuhuishwa tena. Leo unapanga nyumba na huna kitu, sawa. Baada ya miaka minne una akiba benki, akaunti ya benki hailindwi kama mshahara unavyolindwa, pesa ikishaingia pale ni habari nyingine. Au umehama umerudi Ohio, na Ohio wanakata mshahara, sheria ya shirikisho inawaruhusu mpaka robo ya unachobaki nacho baada ya makato ya lazima. Watu wetu tunahama sana, leo Texas kesho Iowa kesho kutwa Kentucky. Huwezi kupanga maisha ya watoto kwa kutegemea kwamba hutatoka Texas.

Na kuna mtu wa upande wa pili, naye tumsemee. Niliwahi kushika faili la mama mmoja mtu mzima, msafisha maofisi, aligongwa pembeni na kijana mwenye 30/60/25, akavunjika nyonga. Kulazwa, upasuaji, mazoezi ya kutembea. Elfu 30 iliisha kabla hajatoka wodini. Kampuni ikalipa limiti, faili likafungwa, na mimi ndio niliyempigia simu kumweleza kwamba kwa upande wetu ndio mwisho. Yule mama hakuwa na kosa lolote, alikuwa anatoka kazini. Kesho anaweza kuwa mama yako wewe au mimi.

Sasa tuje kwenye karatasi zako mbili, na hapa ndipo nakuomba usisaini kwanza.

UM/UIM ni bima inayokulinda WEWE na waliomo kwenye gari lako pale unapogongwa na mtu asiye na bima, au aliyekimbia, au mwenye bima ndogo isiyotosha, yaani mwenye hiyo hiyo 30/60/25. Yule mama wa nyonga angekuwa na UM/UIM kampuni yake mwenyewe ingeendelea kulipa pale ya kijana ilipoishia. Hakuwa nayo, kwenye mkataba wake kulikuwa na karatasi ya kukataa yenye saini yake. Kwa gari pia, UM ya vitu Texas unatoa mfukoni dola 250 za kwanza halafu wao wanaendelea. Ila jua kwamba kwa aliyekimbia, Texas wanataka magari yawe yamegusana kweli, ukisema alinikatia njia nikaingia mtaroni bila kugusana hawatalipa, kwaiyo ukigongwa na mtu akakimbia piga picha ya alama ya rangi kwenye gari lako na uite polisi palepale.

PIP inalipa hospitali yako na ya abiria wako bila kuuliza nani mwenye kosa, pamoja na asilimia 80 ya mshahara uliopotea ukiwa umelala nyumbani. Inaanzia dola 2,500, unaweza kununua zaidi. Kwa familia isiyo na bima nzuri ya afya hii ni pesa ya haraka, haisubiri mabishano ya nani aligonga nani.

Sheria ya Texas imeweka hivi: vitu hivi viwili vimo kwenye mkataba wako mpaka wewe mwenyewe uvikatae kwa maandishi. Ndio maana ajenti anahitaji saini yako. Jimbo lilitaka uwe navyo, na bei inayoshuka inashuka kwa sababu umeondolewa kinga. Ajenti hajavunja sheria kukutumia, ila kukwambia wengi wanasaini bila kukueleza unachokataa sio uungwana.

Mwambie akupigie hesabu ya 50/100/50 pamoja na UM/UIM ya kiwango hicho hicho na PIP ya 2,500, halafu piga simu kwa kampuni nyingine mbili tatu uwape maelezo yale yale. Bei zinatofautiana sana kwa gari lilelile na dereva yuleyule. Idara ya Bima ya Texas inashiriki kuendesha tovuti ya helpinsure.com ya kulinganisha bei, ni bure na hakuna anayekuuzia kitu pale.

Mama_wa_Columbus

Dada Karani Mungu akubariki, nimesoma mara mbili na nimemsomea mume wangu kwa sauti. Fundi asante, na kaka wa Houston nimekuelewa pia, hiyo ya kutuma nyumbani hata sisi inatugusa sana.

Nina mengine mawili. Mume wangu jioni huwa anapeleka vyakula na lile gari kwa zile apu za simu, hilo nimwambie ajenti au litapandisha bei bure? Na shemeji yangu ana kibali cha kujifunzia tu, ajenti aliniuliza nani mwingine anaishi nyumbani nikasita kujibu. Naweza kumuacha nje?

Boda_wa_Arlington

Dada hiyo ya apu MWAMBIE, usifiche kabisa. Mimi napeleka vyakula na abiria huku Arlington, siku za mechi pale uwanjani ndio pesa yetu. Mkataba wa kawaida wa gari la nyumbani ndani yake kuna sentensi inasema hawalipi gari likiwa linabeba watu au mizigo kwa malipo, sentensi moja tu iko katikati ya kurasa nyingi. Ukipata ajali na begi la chakula liko kiti cha nyuma wanauliza, apu ilikuwa imewashwa? Na rekodi ya apu ipo, wanaiomba wanaipata.

Kwa abiria sheria ya Texas iko wazi kidogo, ukiwa umewasha apu unasubiri tu lazima kuwe na angalau 50/100/25, na ukishakubali safari mpaka umshushe mtu ni milioni 1. Lakini hiyo milioni ni ya abiria, ya vyakula ni habari tofauti, kila apu ina mpango wake na wengine wanalipa tu wakati chakula kiko ndani ya gari, ukiwa unarudi mtupu hawakujui. Kwaiyo muulize ajenti anaongeza kipengele cha kupeleka vitu au hapana, kampuni nyingi zinacho ukiuliza. Mi naongeza kidogo kila mwezi, naendesha nikiwa na amani.

Halafu kitu kingine mume aangalie kama kampuni yenyewe inakubali kazi hiyo, kuna zinazokataa kabisa, bora wakatae sasa kwenye simu kuliko wakatae baada ya ajali.

Karani_wa_Madai

Boda kasema vyema kabisa. Kuhusu shemeji: mtaje. Kila mtu wa umri wa kuendesha anayeishi chini ya paa lenu kampuni inataka kumjua, hata asipogusa usukani. Ukimficha na siku moja akachukua funguo kumpeleka mtoto hospitali, kampuni inaweza kusema ulitoa maelezo ya uongo na hapo mnaingia kwenye vita ambayo hamtaiweza.

Ukishamtaja una njia mbili. Aongezwe kama dereva, bei inapanda kwa sababu ni mgeni wa barabara za huku, kampuni nyingi hazihesabu miaka aliyoendesha Dar. Au atolewe kwa jina, Texas kuna fomu ya namba 515A inasema mtu huyu hayumo. Ila ukiisaini hiyo ujue ni ukuta, akiendesha hata mtaa mmoja na akagonga ni kana kwamba gari halina bima, na funguo zisikae mezani. Kwa mtu anayejifunza na atahitaji gari karibuni mi ningemwongeza, historia yake ya bima inaanza kuhesabiwa sasa.

Mzee_wa_Malori

Salamu wana ukumbi. Naendesha lori majimbo yote 48 ya chini, nikipaki usiku nasoma humu. Nataka kuongeza kitu kwa sababu naona watu wanadhani hii 30/60/25 ni ya Marekani nzima wakati kila jimbo lina lake na zinatofautiana hadi unashangaa. California watu walikaa na 15/30/5 tangu 1967, dola elfu 5 ya gari ya mtu, miaka yote hiyo, mpaka 1 Januari 2025 ndio ikawa 30/60/15. Virginia siku hiyo hiyo wakaenda 50/100/25, na kule zamani ulikuwa unaweza kulipa dola 500 kwa jimbo ukaendesha bila bima kabisa, pesa hiyo haikununui chochote, ni ruhusa tu, wameifuta katikati ya 2024 na walifanya vizuri sana. North Carolina tangu Julai 2025 ni 50/100/50, hao ndio nawapigia saluti. Maine na Alaska ziko 50/100/25 muda mrefu. Halafu unafika Pennsylvania unakuta 15/30/5 bado ipo mpaka leo, na Iowa 20/40/15.

Florida ndio inanitisha. Pale sheria inakutaka uwe na PIP ya elfu 10 na elfu 10 ya mali ya watu, basi, ya kumlipa mtu uliyemuumiza si lazima kwa madereva wengi. Kwaiyo mkienda likizo Orlando na watoto hiyo UM aliyoisema dada Karani ndio rafiki yenu. New Hampshire hata bima si lazima, ila ukisababisha ajali lazima uonyeshe utalipaje. Minnesota, naona ndugu zetu wengi wako kule, wao kila mtu anaanza na bima yake mwenyewe kwa hospitali, PIP ya elfu 40 ni lazima, nusu ya matibabu nusu ya mshahara na mengine, na UM nayo lazima, sio kitu cha kusaini ukatae.

Kuhusu swali la dada la kufika Texas na bima ya Ohio, usiogope njiani. Mikataba ya kawaida ya gari ina kipengele kwamba ukiwa jimbo lingine lenye kiwango cha juu kuliko chako, bima yako inapanda yenyewe kufikia kiwango cha pale. Kwaiyo 25/50/25 yako ikivuka mpaka wa Texas inahesabiwa 30/60/25. Lakini hiyo ni ya msafiri. Ukishashusha masanduku umekuwa mkazi, una siku 30 kusajili gari na siku 90 kubadili leseni, na kusajili gari watataka bima ya Texas. Dallas pia gari inapimwa moshi kabla ya kusajiliwa, ule ukaguzi wa breki na taa ndio walioufuta mwaka 2025.

Na niwaambie, lori langu likitoka jimbo moja kwenda lingine na mzigo wa kawaida serikali kuu inataka bima isiyopungua dola 750,000, na hiyo imekaa tangu miaka ya 80, watu wa usalama barabarani wanalalamika haitoshi. Sasa wewe uko pembeni yangu na elfu 30. Mimi nikiona Corolla na watoto nyuma napunguza mwendo.

Mtu_wa_Bukavu_DSM

Bonjour kwa wote. DSM hapa ni Des Moines si Dar 🙏 Mimi nataka kuuliza tu, kwa nini jirani yangu tuko na gari sawa, tunaishi mtaa mmoja, mimi nalipa karibu mara mbili yake? Sijawahi kupata ajali hata moja.

Karani_wa_Madai

Ndugu wa Bukavu, muulize jirani ana alama za krediti kiasi gani, yaani zile alama za namna unavyolipa madeni yako. Majimbo mengi, Iowa na Texas zikiwemo, kampuni zinaruhusiwa kutumia krediti kupanga bei, na mgeni ambaye hana historia anawekwa karibu na aliyeharibu. Kwangu mimi ni dhuluma na nimelisema hadi kazini. California, Hawaii na Massachusetts wamelikataza. Vitu vingine ni miaka ya leseni ya Marekani, na kama uliwahi kukaa bila bima hata wiki mbili. Muombe ajenti aangalie bei upya kila mkataba ukikaribia kuisha, alama zako zikipanda hawakushushii wenyewe mpaka uulize.

Na hilo la pengo nalirudia kwa dada: usiruhusu bima ikatike. Kadi ya benki ikikataa malipo mwezi mmoja, wanakutumia barua kwa anwani ya zamani, wewe umeshahama, bima imekufa hujui. Texas wana mfumo unaitwa TexasSure, polisi anaona palepale namba ya gari haina bima. Ukikutwa na hatia hiyo unaweza kutakiwa kuwa na SR-22, ni cheti ambacho kampuni inalipelekea jimbo kuthibitisha una bima, unakaa nacho miaka miwili na bei yake utaisikia.

Kijana_wa_Houston

Nimerudi. Nimesoma yote na hiyo ya leseni kufungiwa kwa deni la hukumu nimeenda kuitafuta, ipo kweli kwenye sheria ya usafiri. Bado naamini kuna mtu ambaye hizo dola thelathini hana, kabisa, na huyo bora ya chini kuliko kukosa. Tusiwafanye watu wajisikie vibaya. Lakini mtu mwenye mke na watoto wawili na apu ya vyakula, hapana, aongeze. Na hiyo UM mimi mwenyewe kesho naiuliza.

Fundi_Bodi_FortWorth

Hapo tumeelewana bro. Na kwa yule asiye na hizo thelathini, aanze na hiyo 25 ya mwisho. Kupandisha ya mali kutoka 25 kwenda 50 peke yake mara nyingi ndio kitu cha bei ndogo kabisa kwa hiyo karatasi. Uliza kila namba bei yake peke yake, ajenti anaweza kuzitenganisha, hapendi tu kwa sababu inamchukua muda.

Mama_wa_Columbus

Wakuu nimempigia tena yule ajenti. Nimemwambia sisaini zile karatasi, anipigie 50/100/50, UM/UIM kiwango hicho hicho, PIP 2,500, kipengele cha kupeleka vyakula, na shemeji aingie. Alinyamaza kidogo halafu akasema "okei mama". Imepanda zaidi ya zile thelathini sababu ya shemeji, ila kampuni ya pili niliyoipigia imenipa vitu vile vile kwa pungufu, kwaiyo naelekea huko. Mume amekubali, kasema ataongeza jioni moja ya kupeleka vyakula.

Ya Ohio naikata lini sasa?

Karani_wa_Madai

Usiikate leo. Mwambie wa Texas aandike tarehe ya kuanza iwe siku ile mnayokabidhiwa funguo za nyumba Dallas. Ukishapata karatasi yenye tarehe hiyo mkononi ndio unawapigia Ohio wafunge siku hiyohiyo, sio siku moja kabla, na uwaulize kama kuna pesa uliyolipa mbele wakurudishie. Wape anwani mpya kwa ajili ya hundi. Na piga picha ya kadi mpya uiweke kwenye simu ya mume na simu yako, Texas polisi anakubali ya kwenye simu.

Safari njema, mkipita Arkansas usiku mwendo wa pole.